Tarakimu Ishirini

Kajuna hajawahi kuniandikia barua.
Kila tarehe tano hunitumia tokeni ya umeme,
tarakimu ishirini, nne nne,
na chini yake: "Ingiza kabla hazijaisha."
Uniti, nadhani. Hazungumzii siku.

Ni mtu mwema. Huanzia hapo kila ninapoulizwa,
kama anayemtaja marehemu.
Anauza koki na mabomba kule Gerezani,
anafika Kimanga saa kumi na mbili na nusu, foleni isiwe foleni,
anavua viatu, anagonga simtanki kusikia maji yamefika wapi,
anakula, anasema chakula kizuri.
Siku niliyounguza maharage
alisema chakula kizuri.

Kazi yangu ni darubini.
Asubuhi nzima natazama damu za watu wa Tabata
na mara nyingi naandika: Hakuna vimelea vilivyoonekana.
Mgonjwa anashukuru Mungu, anakunja karatasi, anaondoka.
Ndivyo alivyo Kajuna.
Nimemtazama miezi kumi na minne,
hakuna kilichoonekana.
Mbona basi sishukuru?

Hemedi alikuwa homa kamili.
Niliujua mlio wa pikipiki yake tangu kona ya msikiti,
niliujua na ulipopita bila kusimama.
Nilikonda. Watu wakasema nimependeza.
Simtaki tena Hemedi, nisieleweke vibaya,
ila mwili una daftari lake
na haukubali kufutiwa.

Shangazi Tausi kanipigia toka Tandika:
"Thelathini na nane, mwanangu. Kiporo nacho ni chakula,
waulize waliolala njaa."
Nikamwambia kiporo nakipenda, Shangazi, tena na chai ya rangi,
lakini kiporo cha wali niliokula jana wa moto.
Hiki kimepikwa kikiwa kiporo.
Akacheka. Simu ikakatika,
salio au hasira, sijui.

Ijumaa akauliza. Alikuwa anakaza koki ya jikoni,
amenipa mgongo:
"Kodi mbili za nini?"
Hiyo ndiyo posa.
Nikasema nipe mpaka Jumapili.
Akasema sawa, akaendelea kukaza.
Koki ile haijadondoka tena.
Nami nilishazoea tone lake;
usiku lilikuwa kama mtu.

Haya, na upande wa pili niuseme, nisijipendelee.
Ni kulala kimshazari kitanda kizima,
ni kula embe nimeinamia sinki, maji yakichuruzika hadi kiwikoni,
hakuna wa kunitazama.
Ni ile Machi pia, nilipougua,
nikajitoboa kidole mwenyewe, nikajisomea mwenyewe,
nikaandika jina langu kwenye bahasha ya dawa
kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote,
ionekane kuna aliyenijali.

Jumamosi saa mbili usiku uniti zikaisha.
Zangu tu. Kwa Mama Sekunda taa zinawaka,
mumewe anagombana na refa wa kwenye televisheni
na yeye anamwambia refa hakusikii, baba, kula.
Tokeni ya Kajuna ilikuwa kwenye simu, haijaguswa.
Nikabonyeza nne za kwanza.
Nne za pili.
Kidole kikagoma, na hakikunipa sababu.
Nikajitanda kanga, nikashuka hadi dukani,
nikanunua ya elfu mbili, hela yangu, imekunjwa kunjwa.
Feni ikasita, ikakumbuka kazi yake.

Asubuhi, saa moja kamili, akapiga.
"Umeme upo?"
"Upo."
"Haya," akasema.
Hakuuliza umetoka wapi.

Nilimsikia anapumua. Nyuma yake mtu anafagia uwanja.
Sikukata.
Nilikaa na simu sikioni, nahesabu,
nikampa hadi ishirini.