Maji Yasizidi Unga

Paysandú, Julai. Baridi imeng'ata mabati ya gereji,
kibuyu cha yerba cha Ademar kinafuka kama ekzosi.
Mbele yetu Pijo 404 ya mwaka sitini na saba,
buluu iliyosahau kwamba ni buluu:
ukipitisha kidole kwenye boneti
kinarudi na chaki, kama ubao wa shule iliyofungwa.

"Maji," anasema Ademar.
"Maji ya nini?" anajibu Rubens toka uvunguni mwa Fiati.
"Dawa imekuja na unyevu wake. Ukiongeza,
unaosha gari, hung'arishi."
Wamebishana hivi tangu sijazaliwa.
Mke wa Rubens ameapa kuwazika makaburi ya mbali mbali.

Mimi ndiye mwenye mashine.
Naanza kavu, kumridhisha Rubens:
sponji inazunguka, dawa inagandamana kama ugaga,
vumbi jeupe linaingia puani, linaingia mipira ya madirisha,
na harufu ile, ya nywele zilizokaribiana na pasi,
inaniambia: nyanyua mkono. Sasa.
Nagusa. Bati lina homa.
Pumzi mbili zaidi pale ukingoni
na prima ya kijivu ingechungulia,
nayo ikishachungulia hairudi ndani.

Ademar hasemi. Ananisogezea chupa ya kunyunyizia.
Nanyunyiza mno. Dawa inakuwa uji,
uji unakuwa maziwa, maziwa yanachuruzika hadi kwenye taa,
sponji inateleza tu, haiumi kitu.
Rubens anacheka mpaka spana inamponyoka.

Basi nikajifunza peke yangu, kati ya ukimya na kicheko:
manyunyu mara moja, kama mtu apigaye chafya kwa adabu.
Kisha sikiliza.
Dawa ikinung'unika, ina kiu.
Ikinyamaza, imelewa.
Ikivuma, iache,
chembe zake zimeguke, zilainike, zijimalize kazini.

Sponji ikageuka buluu. Kucha zangu, buluu.
Rangi ya zamani imeamka, na ya kwanza kuifanya
ni kunichafua.
Kufika adhuhuri, taa ya dari ilikuwa ndani ya boneti,
na mtu mwenye kofia yangu.

Saa kumi akaja Bi Nélida Bentancor, mwenye gari.
Akalizunguka bila kuvua glavu.
Nilikuwa mlango wa dereva, chini ya kioo,
nimeshanyunyiza, sponji ingali hewani,
juu ya kidoa kilichofifia, upana wa kikombe.
"Hapo aliegemeza kiwiko," akasema.
"Kiangazi thelathini na moja."

Nikazima mashine.
Matone yalikuwa bado yamekaa pale, saba au manane,
yakingoja dawa.
Ademar akamtazama Rubens. Hakuna aliyebisha.
Bi Nélida akavua glavu moja,
akayafuta kwa kiganja.