Karatasi ya Mzogole

Gundi ilikuwa imekwisha ofisini,
kwa hiyo mtendaji Chedego aliibandika kwa uji wa uwele
mlangoni pa ghala, hapa Mzogole,
mwaka ule wa kipindupindu:
Ni marufuku kupika wala kula chakula msibani.
Atakayekaidi atatozwa shilingi elfu hamsini
au mbuzi mmoja asiye na kilema.
Muhuri ulikaa upande, kama kofia ya mlevi.

Tulicheka. Nani aliwahi kuzika na njaa?
Kwetu marehemu alipimwa kwa moshi:
ng'ombe wawili, huyo alikuwa mtu;
kuku, basi, maskini, apumzike.
Mjomba Nhonya aliuza shamba la bondeni
kulisha kilio cha mkewe siku saba.
Siku ya nane wanawe walizunguka na kibakuli,
wakiomba unga kwa walioshiba kwao.
Hilo hatukulisema. Lilikuwa desturi,
na desturi haina ofisi ya kuishitaki.

Kisha akafa mzee Malogo.
Wanawe walichinja usiku, ndani ya tembe,
kama wezi wa ng'ombe wao wenyewe.
Mgambo Mbijima alifuata harufu.
Alitwaa mbuzi wa faini, akatwaa na sufuria,
akamwaga nyama shimoni ikingali inatokota,
akainyunyizia chokaa
huku akimeza mate. Nilimwona.
Aligeuza uso.

Msiba uliofuata, watu walikuja wamekula makwao.
Mwingine, walikuja na vibuyu vya maji.
Na katika msiba wa kumi, au wa kumi na mbili,
nilimwona mjane Sechelela amekaa,
amekaa tu, analia mpaka anamaliza,
wala hakuna anayemwita jikoni
kumuuliza chumvi iko wapi.

Lakini nasi tukaanza kuondoka mapema.
Zamani kesi za mipaka ziliishia msibani,
mahasimu wakisubiri ugali mmoja uive.
Siku hizi udongo haujakauka kwenye majembe,
baiskeli zimeshavuka reli.

Kipindupindu kilikwenda. Chedego alihamishiwa Kongwa.
Karatasi aliila mbuzi:
alianza kwa kulamba uji,
akamalizia na marufuku, na faini, na muhuri.
Hakuna aliyebandika nyingine.
Hakuna aliyepika.

Mwaka huu nimemzika mama.
Shangazi Yaledi alikuja kutoka Singida, hana habari,
akapanga mafiga, akasonga ugali,
akaita, "Karibuni, jamani, mbona mmenuna?"
Watu waliitazama ile sufuria
kama mtu anavyomtazama nyoka akikatiza njia.
Mjukuu wangu Nyemo, miaka sita,
alimvuta khanga:
"Bibi, acha. Sisi Wagogo hatuli msibani.
Ni mwiko tangu enzi za mababu."

Mababu!
Nilitaka kumwambia: babu yako ni Chedego,
kaunda suti yenye doa la wino mfukoni,
na enzi zake ni miaka kumi na minane.
Lakini macho ya mtoto yalikuwa na hofu ya kweli,
hofu iliyokwisha kusahau ilipozaliwa,
nikanyamaza.
Shangazi alibaki kasimama, mwiko mkononi,
unga ukimkaukia vidoleni,
asijue ni mwiko upi auweke chini.

Usiku, wote walipokwenda zao,
nilifunua sufuria nikamega tonge moja.
Limepoa. Mlenda umeganda pembeni.
Nilitafuna polepole, gizani, mtu mzima mimi,
huku nikitega sikio nisikie nyayo za Mbijima,
ambaye tulimzika mwaka juzi,
na hatukula.