Chupa Namba Arobaini na Moja

Daktari Dobrochna alituketisha chumba chenye dirisha moja,
theluji ya Łódź ikigusa kioo na kuteleza.
Watoto mia moja na kumi na wawili, alisema.
Nusu watapewa dawa,
nusu watapewa kitu kinachofanana na dawa.
Sichagui mimi, huchagui wewe. Kompyuta inapiga kura.
Nami, dereva wa tramu namba kumi,
mtu niliyezoea kujua kituo kinachofuata,
nikatia sahihi kurasa kumi na tisa.

Kalina, miaka tisa, alikuwa na karatasi yake mwenyewe,
yenye picha ya figo mbili zinazotabasamu kama maharage.
Aliisoma yote.
"Nikikataa, mtanikasirikia?"
Hapana.
"Basi nakubali."
Mkia wa herufi ya mwisho ya jina lake
ukatoka nje ya mstari.

*

Tulikuwa tumeshaviaga vingi:
matango ya chumvi ya mama yangu, mitungi kumi na minne,
supu ya nyanya ya Jumapili,
ndizi.
Viazi tunaviloweka, tunamwaga maji, tunaviloweka tena
mpaka visahau kwamba ni viazi.
Sasa ikaja chupa ya kahawia,
mililita tano asubuhi, mililita tano usiku,
na jagi la mkojo wa kutwa kucha
lililokaa ndani ya friji, ubavuni mwa maziwa.
Aliliandika kwa kalamu nyekundu: SI JUISI.

Kuna usiku walimfunga mkanda wa kupima shinikizo la damu.
Kila nusu saa ulivimba, ukanguruma
kama nyuki aliyenaswa kwenye debe,
ukanywea.
Nililala sakafuni kando yake.
Kila ulipovimba, nilikunja ngumi.

Wao waliliita jaribio.
Kwangu lilikuwa jaribu.

*

Acha nikiri.
Wiki ya sita, saa tisa usiku, nilifungua ile chupa
nikachovya kidole, nikalamba.
Chungu! Chungu cha kukunja uso, chungu cha haki.
Nilicheka peke yangu jikoni, miguu mitupu.
Tamu hulaghai, nilijiambia; chungu hutibu.

Asubuhi nikampigia muuguzi Bronisław,
nikajifanya nauliza tu.
Alinyamaza kidogo.
"Bwana," akasema, "zote mbili tumezitia uchungu."

Siku ile niliendesha tramu toka mwisho hadi mwisho.
Abiria hudhani dereva ndiye anayekata kona.
Reli ilishalazwa kabla sijazaliwa.

*

Miaka miwili ikaisha mwezi wa Machi.
Bahasha ikaja, nyembamba kuliko nilivyotarajia.
Namba arobaini na moja: kundi la pili.
Maji, rangi, uchungu. Basi.
Figo zake zilikuwa zikifanya kazi arobaini na sita kwa mia,
sasa thelathini na tisa.
Waliopata dawa waliteremka pia,
ila polepole, kama mtu anayeshuka ngazi
huku mkono umeshika ukuta.

Nilitafuta kola ya kuikwida. Sikuiona.
Mbele yangu alikuwa Dobrochna tu, macho mekundu,
akimweleza Kalina kwamba bila chupa kama yake
wasingekuwa na kitu cha kulinganishia.
Kwamba alikuwa upande wa pili wa mizani.

Kalina alifikiri, akibembeza mguu.
Ana miaka kumi na mmoja, haridhiki upesi.
"Sawa," akasema. "Lakini mngenitilia sukari."

*

Jana ameanza dawa yenyewe.
Chupa ileile ya kahawia, kizibo kilekile kigumu,
bila namba.
Alikifungua mwenyewe, akachovya kidole,
akalamba taratibu,
huku ananitazama mimi.

Kumbe usiku ule hakuwa amelala.

"Haina tofauti," akasema.
Akapima mililita tano, akameza,
akaniachia kijiko nikioshe.