Yeo Siku Gani

Yeo siku gani? mama huuliza
kabla sijatia mguu ndani,
nami nina rangi hadi viwikoni.
Namwambia Jumatano.
Namwambia, mama, ni Septemba.
Septemba haijui. Miezi yake ni mifunguo:
Mfunguo Sita anaukumbuka,
maana asumini hupanda bei
na wageni wa Maulidi hulala hata kwenye ngazi.

Mimi nauza siku.
Kibanda changu kiko Langoni, nyuma ya wauza nazi,
na Septemba ndio msimu wangu:
ulimwengu mzima hukumbuka mambo yake kwa mpigo.
Mwalimu Zuena alitaka Siku ya Kisomo, mita tatu,
akasimama begani mwangu
nisije nikameza herufi kama mwaka jana.
Wa hoteli za Shela walitaka Siku ya Utalii
na samaki watatu pembeni, wenye tabasamu.
Daktari Muthengi alitaka Siku ya Moyo.
Nikamchorea moyo. Akasema moyo hauko hivyo,
akanichorea wa kweli nyuma ya risiti:
ulifanana na papai lililodondoka.
Tukakubaliana nichore ule wa uongo.

Hakuna aliyeleta siku ya wanaosahau.
Ipo, aliniambia Muthengi huyo huyo,
tarehe ishirini na moja, sawa na ile ya Amani;
ila bajeti ni moja, na Amani ina maandamano.

Basi nikaandika AMANI,
herufi ndefu kama mtoto wa miaka mitatu,
rangi ya buluu, marekani safi.
Ikapita Usita wa Mui mbele ya skauti na ngoma zao,
ikarudi kwangu imekunjwa, haijalipwa.
Njoo wiki ijayo, waliniambia.
Wiki ijayo ilikuja, ikapita zake.

Mama alikuwa ameshaacha kuniita jina.
Fundi, huniita. Fundi, nipa mai.
Nampa. Hunywa, hunitazama,
hunishukuru kwa adabu ya kumshukuru mgeni,
na ni hiyo adabu inichomayo.

Oktoba mosi ni ya wazee.
Oda ilifika magharibi, sina kitambaa wala cha kununulia.
Nikaipindua Amani, nikaandika mgongoni mwake,
kwa tochi ya simu,
WAZEE NI HAZINA YETU.
Wakanidai na mama pia:
tulitaka wazee kumi na wawili, tumepata tisa.
Nikampandisha punda wa jirani hadi Mkunguni,
nikamketisha mstari wa mbele,
fulana ya bure juu ya buibui, soda isiyo na mrija.
Mgeni rasmi alichelewa saa mbili na nusu.

Jua likapanda, likasimama nyuma ya kitambaa.

Mama alisomea kusoma ukubwani,
herufi moja moja, kwa kidole.
Akanyanyua kidole.
Akawaruka wazee, akairuka hazina,
akalikuta neno la buluu lililotoka upande wa pili,
jua limeligeuza, N yake imepinda kinyume.
I, akasema. Na. Ma.

Inama.

Nilidhani anasoma tu.
Inama, Shekuwe.

Nikainama, mbele ya watu wote.
Akalamba ncha ya leso,
akanifuta rangi nyuma ya sikio,
kwa nguvu, kama mtoto aliyechelewa chuoni.
Rangi ya mafuta haitoki kwa mate.
Aliendelea kufuta.
Mgongo ukaniuma, sikuinuka.

Kisha king'ora, viti vikakwaruza, watu wakasimama,
naye akaikunja leso yake vizuri mapajani.

Fundi, akaniambia,
wamesimamiani hawa?
Yeo siku gani?