Siku Moja Tunamdai

Tulikodi boti siku mbili, Alhamisi na Ijumaa,
kwa kijana mmoja wa Kantab:
boti nyeupe, ina kovu la rangi ya buluu ubavuni
na mashine inayokohoa kabla haijasema.

Ghalib kavaa kilemba chake cha Kashmiri.
Nikamwambia, "Bwana wee, baharini?"
Akasema mtu haendi kuonana na bahari kichwa wazi.
Miaka ishirini na tisa ya ndoa,
na mimi nimebeba sanduku la barafu: kachori, maji,
mkate wa kumimina uliopasuka katikati
kwa sababu nilimsikiliza yeye juu ya moto.

Yeye ndiye anayeendesha. Nchi kavu yeye, majini yeye.
Leseni ninayo tangu mwaka ule wa kimbunga,
imelala mkobani, picha yangu ndani yake bado kijana.

Majabali ya Khairan hayana hata jani.
Yamesimama majini kama watu waliokuja kuoga
wakaona haya kuvua nguo.
Kasa akatoa kichwa, akatutazama, akaghairi.
Ghalib akacheka. Hiyo ndiyo picha pekee niliyopiga:
cheko lake, na ncha ya kidole changu kwenye lenzi.

Halafu nanga.

Sikuona. Nilikuwa nafungua chupa ya chai.
Nilisikia kamba inakimbia juu ya chuma,
ikanyamaza ghafla, na yeye akasema "Ah,"
neno dogo, kama mtu aliyesahau funguo nyumbani.
Vidole viwili baina ya kamba na chuma,
na boti nzima inamvuta kwa vidole hivyo.

Nikakata kamba kwa kisu cha mkate.
Nanga ipo huko mpaka leo.

Sikulia. Nalisema hili kwa sababu watoto hawaamini.
Nikamvua kilemba, ambacho hakuna mtu anayekigusa,
nikamfunga mkono, nikazungusha, nikazungusha,
mpaka maua ya zambarau yakageuka meusi.

"Unajua kuwasha?"
"Nimekutazama miaka ishirini na tisa."

Mashine ikakataa. Nikaitukana tusi la bibi yangu,
tusi la Kiunguja hasa, ambalo siliandiki hapa.
Ikawaka.

"Kulia," akasema, macho kafumba.
Kulia maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa,
na chini yake kitu cheusi kimejiinamia.
Nikakata kushoto.
"Kulia, Rayya!"
"Nyamaza, Ghalib."
Akanyamaza.
Nilimjua akiwa na homa, akiwa na deni, akiwa na msiba,
sikuwahi kumjua kimya.

Gatini yule kijana aliuliza kwanza habari ya nanga.

Hospitali, nesi wa Kerala akaja na koleo ndogo.
Vidole vimevimba, pete haitoki,
pete ya fedha iliyovuka na baba yake kutoka Unguja.
Tik, kama ukucha.
Ghalib akageukia ukutani, mabega yakamtikisika.
Nikajifanya nasoma karatasi ya bima.
Nimeitia kwenye kopo la halua, na kopo
nimeliweka juu, asikolifikia kwa mkono mmoja.

Sasa yuko nyumbani, mkono wa kulia umefungwa plasta,
na wa kushoto hataki kulia.
Kijiko nacho hakitaki, ati si mgonjwa.
Basi namtilia matonge, mimi niliyewamaliza watoto
nikadhani kazi hiyo imekwisha.
"Kubwa," anasema. "Hili dogo. Mchuzi uko wapi?"

Kijana wa Kantab kapiga simu jana: anadai nanga.
"Mwambie," anasema Ghalib, wali umemjaa mdomoni,
"na sisi tunamdai Ijumaa yetu."
Nikamuuliza, na usukani atashika nani?
Akatafuna. Akatafuna sana,
kama mtu aliyekuta mwiba kwenye samaki
na kwenye sahani hapakuwa na samaki.