Mita Arobaini Nikiwa Nimesimama

Sita na kumi, inasema saa.
Kumi na mbili na kumi, nasema mimi.
Hatujakubaliana tangu siku nilipoinunua
kwa Maureen Ollerenshaw wa nyumba ya tatu,
pauni thelathini, mkanda umepauka kwa jasho lake,
na ndani bado imo rekodi yake ya maili tano
ambayo mimi, kwa magoti haya, sitaifikia.

Nasimama nje ya duka la mazulia pale Wicker,
mkono juu, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka.
Inatafuta setilaiti.
Mvua ya Sheffield hainyeshi, inaning'inia.
Bado inatafuta.
Dereva wa basi anapunguza mwendo, kadhani namsimamisha.
Kisha mtetemo: haya, twende.

Dakika tatu kukimbia, mbili kutembea,
ndivyo Maureen alivyoipanga, ndivyo nilivyoiacha.
Waliosema polepole ndio mwendo
hawakufungwa kitu hiki mkononi,
kinachopiga mluzi ukilegea
na kuandika, bila haya, dakika tisa na nusu kwa kilomita.
Nina miaka hamsini na mbili. Nimetoka zamu ya usiku.
Wodini nimeshatembea hatua elfu kumi na moja
na mabeseni mkononi. Hizo nazo imezihesabu,
ila hongera, hata mluzi mmoja, sikusikia.

Chini ya reli, kwenye lile daraja la utando wa buibui
linaloshikiliwa na nyaya juu ya Mto Don,
matofali yanafunga mbingu na saa inanipoteza.
Nikitokea upande wa pili
nakuta imenichorea mstari mnyoofu,
umepita ukutani, umepita majini,
kana kwamba mimi jini
au samaki aliyechelewa kazini.
Huwa nacheka. Kidogo tu, pumzi ina bajeti.

Jumanne ile, pale kwenye banio la Brightside,
kiwanda cha chuma kinaponda ng'ambo ya ukuta,
korongo wa kijivu kasimama majini
kama fundi anayedai malipo yake,
simu ikalia.
Namba ya Muheza.

Kibwana.

Miaka kumi na moja. Kwa ajili ya mabati,
mabati ishirini na nne ya nyumba ya baba,
nani aliyatoa, nani aliyauza.
Nikasimama. Mluzi.
Nikaendelea kusimama.
Mapigo ya moyo: mia moja arobaini na nane.
Saa ikaniuliza, kwa maandishi ya upole:
Umeanza zoezi jipya?

"Dada," akasema, "uko wapi?"

Mkononi nina kitu kinachojua nilipo
kwa kukosea hatua tatu tu,
latitudo, longitudo, mwinuko kutoka usawa wa bahari.
Nikakitazama. Hakikunisaidia.
Nikasema: niko njiani.
Akasema: mbona unahema kama mbuzi wa mnadani?

Tukaongea bei ya machungwa.
Tukaongea mguu wake, sukari, dawa alizoandikiwa,
na binti yake aliyeanza kunyoa nywele za watu kwa pesa.
Mabati hatukuyataja.
Korongo akaruka, sijui saa ngapi,
yake wala yangu.

Jioni nikamfungulia Maureen ramani mezani.
Mstari mwekundu unafuata mto kwa adabu,
kona kwa kona, halafu pale Brightside, fundo:
mistari imejikunja, imesokotana,
kama uzi uliochezewa na paka.
Mita arobaini, inadai saa,
na mimi sikuinua mguu.

Maureen akavaa miwani.
"Hapa ulipotea, kipenzi?"
Nikamwambia betri, labda betri.
"Basi tupafute," akasema, kidole tayari,
"panakuharibia wastani."

Nikaifunika ramani kwa kiganja.
Pache, nikasema.
Pahesabiwe.