Sambusa Moja

Soko la Bwera limeamka bila kelele.
Sambusa za Zaituni Biira zimepoa,
inzi peke yao ndio wateja.
Jana tulimwita mama. Leo twaupima mtandio wake
kwa macho, kama bunduki.

Waliokuja usiku walitaja jina la Mungu.
Yeye hulitaja hilo hilo
akikanda unga, akipiga chafya,
akimkopesha Muhindo asiyelipa.

Nikauliza, kijinga: "Ndivyo mnavyofundishwa?"
Akafuta mikono.
"Mpwa wangu, Masika, aliahidiwa kazi ya kupasua mbao.
Dini walimpa baadaye, pamoja na panga.
Sijui nimlilie vipi."

Nikakosa neno. Nikatoa mia tano,
nikala nimesimama palepale,
wanione.

Usiku bado naogopa.
Na pilipili ilizidi.